Elfu Sitini za Ziada Zinanunua Nini?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa namna tofauti: nikiongeza hela ya chumba cha hoteli, napata nini? Tumechagua nane. Bei zilizomo ni za walioandika, kwa shilingi za Uganda. Pale tulipopiga hesabu wenyewe, tarakimu ni za mfano. Weka zako uone jibu linaangukia wapi.

Huwa nakuja Kampala kufunga mzigo Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, nalala siku tatu. Hoteli ninayofikia ina chumba cha kawaida sh. 120,000 na dilaksi sh. 180,000. Nikiuliza tofauti naambiwa dilaksi ni "kizuri zaidi", basi. Nilipe?
*Mfanyabiashara, Busia*

"Kizuri zaidi" si jibu, ndugu yetu. Mbane kidogo. Katika hoteli nyingi za mjini, dilaksi hutofautiana na kawaida kwa moja au mawili kati ya haya: chumba kipana, kitanda kikubwa, baraza, friji ndogo, televisheni kubwa, au kuwa ghorofa ya juu. Maji, jenereta, intaneti, askari wa getini na chai ya asubuhi ni vilevile kwa wote, kwa kuwa vinatoka tangi moja na jiko moja. Kama ugonjwa wa hoteli hiyo ni maji kukatika, dilaksi haikuponyi. Utakosa maji kwenye bafu pana zaidi, basi.

Omba uonyeshwe vyumba vyote viwili kabla hujatoa hata shilingi. Dakika tano zinatosha, na mhudumu anayekataa wakati vyumba viko wazi amekwishakujibu.

Anza na kitanda. Kaa ukingoni, halafu bonyeza katikati kwa ngumi. Godoro la povu lililochoka hufanya bonde mahali pa kiuno, na ngumi inazama mpaka unazihisi chaga. Halafu pima upana. Magodoro yetu yanauzwa kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Kitanda cha futi 4 hoteli nyingi zinakiita dabo bila haya, ingawa wakilala wawili kila mmoja anabaki na futi 2, sawa na sentimita 60, upana wa kitanda cha mtoto mchanga. Ukiwa peke yako futi 4 zinakutosha. Mkiwa wawili, kutoka futi 4 hadi 6 ndiyo tofauti pekee ambayo tungeilipia dilaksi bila kusita.

Ingia bafuni. Fungua bomba la beseni na shawa kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Shawa ikinywea ikawa uzi, presha ni ndogo, na hapa dilaksi ya ghorofa ya juu huwa na kasoro ambayo haisemwi. Presha ya maji yanayoshuka kutoka tangi la paani inategemea kimo: mita 10 hutoa takriban baa 1. Chumba kilicho mita 3 chini ya tangi kinapata baa 0.3 tu, wakati cha ghorofa nne chini yake kinapata mara nne au tano ya hiyo. Uliza kama ghorofa ya juu ina pampu ya kuongeza presha. Ikiwa haina, chumba cha bei ndogo cha chini kitakuogesha vizuri kuliko cha bei kubwa.

Kisha funga dirisha, simama kimya dakika nzima, usikilize. Chungulia kilicho chini: jenereta, dohani la jiko, baa, au uwanja wa mabasi ambako honi zinaanza kabla ya alfajiri. Hoteli za maeneo ya Kikuubo na Namirembe Road zina pande mbili, ya barabarani na ya nyuma, na mara nyingi bei ni ileile. Ukimya hautozwi, ila uuombe kabla ufunguo haujatoka ubaoni.

La mwisho ni chandarua. Kiwe na upana wa kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne. Kile cha duara kinachoning'inizwa juu ya kitanda cha futi 6 hukosa kitambaa, kinakulalia mkononi au mguuni, na mbu anakuuma kupitia matundu.

Kwa mtu mmoja anayeshinda sokoni na kurudi usiku kuanguka kitandani, tungebaki na cha kawaida, ghorofa ya kati, upande wa nyuma. Zile elfu sitini kwa siku tatu ni sh. 180,000, yaani usiku mzima wa dilaksi wenyewe.

Kabale nilitozwa sh. 30,000 zaidi kwa chumba chenye "maji ya moto saa 24". Asubuhi tulikuwa wawili. Mwenzangu alioga maji ya moto, mimi yakanijia ya baridi. Huu si wizi?
*Mwalimu, Mbarara*

Huenda si wizi. Huenda ni tangi dogo, na hakuna aliyekwambia ukubwa wake.

Mji wa Kabale uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya bomba asubuhi ni baridi kweli. Tuseme yako nyuzi 16, hita ya bafuni ni ya lita 50 na imepasha hadi nyuzi 60. Mtu huoga kwenye nyuzi 40 hivi. Ukichanganya maji hayo ya moto na ya baridi mpaka yafike 40, unapata lita 90 na kitu kwa hesabu ya karatasi. Bafuni zinapungua, kwa sababu kila unavyotumia, maji baridi yanaingia tangini kujaza nafasi na kuyapoza yaliyobaki. Shawa ya kawaida inamwaga lita 8 au 9 kwa dakika. Mwenzako akisimama chini yake dakika nane huku akiimba, kazi imekwisha. Hita yenye uwezo wa kilowati 1.5 itataka zaidi ya saa moja na nusu kupasha tangi lile upya. Ikiwa ni ya lita 30, hata mtu wa kwanza asiongeze ubeti.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "maji ya moto yapo?", ambalo jibu lake daima ni ndiyo, uliza yanapashwa na nini. Hita ya tangi: uliza lita ngapi, na hakikisha swichi yake, ile yenye taa ndogo nyekundu nje ya mlango wa bafu, imewashwa tangu jioni. Wahudumu wengi huizima mgeni akitoka ili kuokoa umeme. Sola: inakupa maji mazuri jioni, lakini kama kutwa kulikuwa na mawingu, asubuhi usitegemee kitu isipokuwa ina hita ya umeme ya kusaidia. Kuni: loji nyingi za milimani zinachemsha pipa na kukuletea jerikani la lita 20 kwa saa uliyoagiza. Tusilidharau hilo, kwani lita 20 zilizochanganywa vizuri zinamwogesha mtu mzima na kumtosha.

Halafu kuna shawa ya umeme inayopasha papo hapo, ile yenye kichwa kinene cha plastiki. Haina tangi, kwa hiyo haiishiwi: mtu wa pili na wa tano wote wanaoga maji ya moto. Lakini inakula kilowati 3.5 hadi 5.5 kwa mpigo, na ndiyo maana umeme ukikatika utaona taa zinawaka, televisheni inaongea, na shawa inatoa maji ya mtoni. Jenereta ndogo haiwezi kubeba shawa za vyumba 20, kwa hiyo fundi amezitenga. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme umetoka kwa kampuni iitwayo Umeme kwenda UEDCL, kampuni ya serikali. Jina kwenye bili limebadilika, swali la mgeni liko palepale: ukikatika, jenereta inabeba nini, na inazimwa saa ngapi usiku?

Tahadhari moja, na hii si ya bei. Ukishika bomba la shawa ya namna hiyo ukahisi vidole vinachonyota, toka, zima swichi iliyo nje, usioge. Waya wa ardhini haupo au umekatika. Dai chumba kingine, hata kiwe cha bei ndogo.

Hoteli imechora nyota nne kwenye bango lake lakini kapeti linanuka. Nani anazigawa hizo nyota?
*Msomaji, Gulu*

Nyota halali zinatolewa na Bodi ya Utalii ya Uganda, baada ya wakaguzi kupita na vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuanzia nyota moja hadi tano. Bango la rangi linatolewa na mchora mabango. Hoteli iliyopangiwa daraja huwa na cheti, na hutundikwa mapokezi. Kitafute kwa macho, usome na mwaka.

Hata nyota halali zinapima vilivyopo: upana wa vyumba, lifti, mikahawa, huduma ya chumbani na kadhalika. Hazikwambii kama kapeti lilikauka vizuri baada ya mvua ya wiki iliyopita.

Mama yangu anapigwa mionzi Taasisi ya Saratani, Mulago, siku tano kwa wiki kwa wiki tatu. Gesti ya Kireka ni sh. 40,000, ya Kamwokya sh. 65,000. Kwa siku 21 tofauti ni sh. 525,000, na pesa zenyewe ni za kuchangiwa. Ndugu wanasema tukae Kireka.
*Binti wa Soroti*

Pole kwa kuuguza, dada. Ndugu zako wamehesabu chumba, hawajahesabu barabara.

Mgonjwa wa mionzi humpakii boda, na kumsukuma kwenye teksi ya abiria 14 saa za asubuhi ni kumtesa. Utakodi gari. Tuseme Kireka hadi Mulago ni sh. 25,000 kwenda na 25,000 kurudi. Kwa siku 15 za matibabu ni sh. 750,000. Kamwokya ni jirani tu na Mulago. Tuseme sh. 8,000 kwenda na 8,000 kurudi, kwa siku 15 ni sh. 240,000. Barabarani umeokoa sh. 510,000. Chumba cha karibu, kinachoonekana kuwazidi kwa laki tano na zaidi, kwa kweli kinawazidi kwa sh. 15,000 kwa wiki tatu nzima. Na kwa hizo 15,000 mama haketi kwenye foleni ya Jinja Road akiwa na kichefuchefu.

Usilipe 65,000 kwanza. Bei hiyo ni ya mtu wa usiku mmoja. Mwone mwenye gesti au meneja mwenyewe, si kijana wa mapokezi ambaye hana ruhusa ya kupunguza. Mwambie ni siku 21 na kwamba utalipa wiki moja moja kabla. Ukishushiwa hadi 55,000, umerudisha sh. 210,000. Usilipe wiki zote tatu kwa mkupuo. Ratiba ya mionzi huweza kusogea mashine ikiwa kwenye matengenezo, na kurudishiwa pesa iliyokwisha kulipwa ni safari nyingine.

Vitu vya kulipia zaidi hapa si vile vya mfanyabiashara wa Busia. Chumba kiwe chini, au lifti iwe inafanya kazi hata kwa jenereta. Choo kiwe ndani na cha kukaa. Sakafu ya bafu isiwe ya vigae vinavyoteleza, na kizingiti kisiwe kirefu. Vitanda viwe viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, ili ukigeuka usimwamshe. Na uliza kama mtaruhusiwa kupika uji jikoni. Baadhi ya gesti zinakubali kwa ada ndogo, na mgonjwa asiyekula vya hoteli anakula uji wa binti yake. Ulizieni pia nyumba za wageni za makanisa, kama iliyopo Namirembe. Ni safi, hazina baa, na zimezoea wageni wa hospitali.

Tumepata vibali vya kuona sokwe (gorila) msitu wa Bwindi, upande wa Rushaga, tuko wanne. Wakala anatupa chaguo: hoteli Kabale sh. 160,000 kwa chumba na chai, au loji karibu na geti sh. 350,000 kwa kila mtu, milo yote. Tofauti inatisha.
*Kikundi cha marafiki, Jinja*

Inatisha zaidi kwa sababu bei moja ni ya chumba na nyingine ni ya kichwa. Hilo ndilo kosa la kwanza la wanaolinganisha hoteli na loji. Ziwekeni kwenye mizani moja. Kabale: vyumba viwili sh. 320,000, chakula cha jioni tuseme 30,000 kwa mtu, cha kubeba msituni 20,000 kwa mtu. Jumla sh. 520,000. Loji: 350,000 mara nne, sh. 1,400,000. Mafuta msiyahesabu, kwa kuwa gari lazima lifike Rushaga kwa vyovyote. Tofauti halisi ni sh. 880,000.

Hizo zinanunua usingizi wa saa mbili na uhakika. Wageni hujiandikisha getini kama saa moja na nusu asubuhi, na maelekezo ya askari wa wanyamapori yanaanza kuelekea saa mbili. Kabale hadi Rushaga ni kama saa mbili barabara ikiwa kavu. Barabara ya vumbi, kona na milima: mvua ikinyesha usiku, lori moja likikwama kwenye tope linawafungia njia wote walio nyuma yake. Mkilala Kabale ondokeni saa kumi na nusu alfajiri, mbaki na saa nzima ya akiba. Kundi likishaondoka kuingia msituni haliitwi kurudi, na kuchelewa si sababu ya kurudishiwa pesa. Mgeni kutoka nje ya Afrika analipa dola 800 kwa kibali. Sisi Waafrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo zaidi sana, lakini hicho nacho kikipotea kimepotea.

Ushauri wetu ni kulala karibu na geti usiku wa kabla, na usiku wa baada kutafuta pa bei nafuu, Kabale au kando ya Ziwa Bunyonyi. Wala msikubali kwamba karibu na geti maana yake ni 350,000. Rushaga kuna gesti na kambi za kawaida kabisa, dakika chache kutoka mahali pa maelekezo. Wakala hazitaji kwa kuwa hazimpi kamisheni ya maana. Mnachohitaji usiku ule ni blanketi zito, maji ya moto na mtu wa kuwagongea mlango saa kumi na mbili. Dirisha linalotazama volkano za Virunga halina kazi gizani.

Kabla ya yote, someni kibali. Bwindi ina pande nne za kufuatilia sokwe: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali ni cha upande mmoja tu. Kwenye ramani ya simu zinaonekana majirani. Kwa gari mnauzunguka msitu. Kutoka Buhoma hadi Rushaga hesabuni si chini ya saa tatu, kwa hiyo loji nzuri ya Buhoma yenye punguzo ni hasara tupu kwa mwenye kibali cha Rushaga. Mtu akiwauzia "loji Bwindi" bila kutaja upande, mkateni hapo hapo mumuulize.

Na muulize kama milo yote inajumuisha chakula cha kubeba. Kukaa na sokwe ni saa moja, lakini kuwatafuta kunaweza kuwa dakika arobaini au kutwa. Chakula cha mchana kitakachowangojea mezani lojini hakitamfaa mtu aliye bondeni saa tisa alasiri.

Nilipigiwa bei ya sh. 200,000 kwa simu, nikalipishwa sh. 236,000. Kisha rafiki akaniambia kwenye programu ya simu chumba hichohicho ni 200,000 kamili. Nani ananichezea?
*Afisa miradi, Arua*

Zile 36,000 ni VAT, asilimia 18. Uliambiwa bei kabla ya kodi. Ukipiga simu sema sentensi nzima: "Nipe bei ya mwisho, kodi na ada zote ndani, kwa chumba au kwa mtu, na chai au bila chai." Kisha waombe waiandike kwa ujumbe mfupi au WhatsApp, ukaonyeshe mapokezi ukifika.

Kuhusu programu: hoteli inailipa kamisheni, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 20. Chumba cha 200,000 kwa kamisheni ya 15 kinaiachia hoteli 170,000. Kwa hiyo piga moja kwa moja, taja bei uliyoiona, omba 180,000. Wakikubali nyote mmepata. Programu ina faida yake pale inapokuruhusu kufuta bure hadi siku ya mwisho. Safari zenye tarehe zinazotetereka, lipia hiyo nafasi.

Kwa kuwa mwajiri ndiye anayerudisha pesa, dai risiti ya EFRIS, ule mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, yenye jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya shirika lako. Mhasibu akirudisha risiti ya kitabu cha kuandikwa kwa kalamu, punguzo lako lote limeliwa. Na kama bei ni ya dola, uliza watatumia kiwango gani wakigeuza kwa shilingi. Ukilipa kwa noti, beba mpya za 50 au 100: noti za zamani au ndogo ndogo zinakataliwa au zinashushwa thamani.

Mdogo wangu anatua Entebbe saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 6. Alale Entebbe au aje moja kwa moja Kampala? Na chumba nimbukie tarehe ngapi?
*Kaka mkubwa, Kibuli*

Buku usiku wa tarehe 5. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia tarehe 6" na tunaelewana, lakini kompyuta ya hoteli inajua tu kwamba chumba cha tarehe 6 kinaanza saa nane mchana wa tarehe 6. Ukikosea hapo, kijana atakaa kwenye kochi la mapokezi masaa kumi na mbili. Baada ya kubuku piga simu useme saa ya kufika na namba ya ndege, la sivyo ikifika usiku wa manane wanamwandika hakutokea na chumba kinapewa mwingine.

Kampala ni kilomita 40 hivi. Barabara ya kasi kwa usiku ni nyeupe, na ushuru wa gari dogo ni sh. 5,000. Kama wewe mwenyewe unaenda kumpokea, mlete nyumbani. Kama hakuna wa kumpokea, chumba cha Entebbe chenye gari la hoteli kwenda kumchukua kinastahili nyongeza yake. Kikiwa karibu na ziwa, mwambie afunge dirisha kabla ya kuwasha taa. Siku za wadudu wa ziwani, dakika mbili za taa na dirisha wazi zinajaza ukuta mzima.

Kiyoyozi kinaongeza sh. 40,000 na chai ya asubuhi sh. 25,000. Nikate kipi?
*Dereva wa masafa, Malaba*

Inategemea umelala wapi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku hupoa wenyewe; feni na chandarua vinatosha miezi yote. Fort Portal na Kabale anayekuuzia kiyoyozi anakutania. Pakwach, Arua au Moroto, Januari hadi Machi, kilipie, lakini kwa sharti moja: jenereta iwe inakibeba. Kisipobebwa utakuwa umelipia boksi la ukutani na madirisha yasiyofunguka.

Chai ya sh. 25,000 ilipe ikiwa ni meza ya kujipakulia yenye katogo (ndizi za kupikwa kwa mchuzi), mayai, matunda na nyama, nawe unaanza safari ya kutwa usile tena mpaka usiku. Ikiwa ni vipande viwili vya mkate, yai na chai ya chupa, vuka barabara: rolex ya mayai mawili na chapati haifiki robo ya bei hiyo, na unaiona ikikaangwa. Uliza pia jiko linafunguliwa saa ngapi. Dereva anayeondoka saa kumi na moja alfajiri hulipia chai ambayo haijachemka. Waambie jioni wakufungie mayai ya kuchemsha na ndizi, au wakutolee hiyo 25,000 kwenye bili.